Kiduchu cha Mama

Bekari ya Kona,
Mkabala na kibanda cha fundi viatu.

Jumapili mchana, tanuri likiwa limeanza kupoa.

Mpendwa mdogo wangu Mizani,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, bado anakataa kuchanwa nywele mpaka aimbiwe? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakohoa mpaka mtu anaweka simu mbali na sikio? Kunywa maji ya moto, na usijifanye daktari kwa sababu tu unafanya kazi kwenye duka la dawa.

Sisi huku wazima kabisa. Jino langu lililokuwa likinitesa nimeling'oa, kwa hiyo sasa natafuna upande mmoja na kusema pande zote mbili, kama kawaida yangu. Kifua, mkandaji wetu, anakusalimu. Amenenepa tena, ila anasema ni misuli. Kioo cha mbele kilichopasuka tumekibadilisha, na paka wa fundi viatu ameshaamua kwamba hapo nyuma ya kioo kipya ndipo kwake. Wateja wanamwangalia kwanza yeye, mikate baadaye.

Barua yako imefika, na kifurushi pia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ningekupigia simu siku ileile, lakini simu yenu inapokelewa sebuleni, na Mama magoti yamechoka ila masikio yake bado mapya. Haya ninayotaka kusema ni ya kwako na wifi tu. Msome mlangoni, au bafuni, mtajua wenyewe.

Nianze na hilo neno lililokukosesha usingizi.

Yaani wewe! Tangu mdogo ulikuwa ukishika vipande viwili vya mkate, kimoja kila mkono, upime kipi kizito kabla hujachagua. Ndiyo maana tukakuita Mizani, na ndiyo maana sikushangaa hata kidogo uliponiletea kijiko kidogo kuliko ukucha, kimechongwa neno la Kiingereza mpinini, ukaniuliza maana yake hasa ni nini na kiduchu cha Mama ni vijiko vingapi vya hivyo. Mtu mzima, ana ndevu!

Neno lenyewe, smidgen, nalijua vizuri. Umesahau nilikaa miaka kwenye jiko la hoteli kabla ya kurudi kushika bekari? Mpishi mkuu wetu alikuwa halali wala haamki bila neno hilo. Smidgen ya chumvi! Smidgen ya siki! Ukitia anaonja, anafumba jicho moja, anasema ongeza nyingine. Siku moja mwenzetu mmoja akamuuliza hiyo smidgen ni kiasi gani. Mzee wa watu akamtazama kama aliyeulizwa maji yana rangi gani. Akachovya vidole kwenye chumvi, akarusha sufuriani, akasema kiasi hicho. Basi, somo likaishia hapo.

Maana yake ni kiasi kidogo sana, kidogo ambacho hata hukihesabu. Sisi tungesema kiduchu, au chembe. Ni neno la mazungumzo, la jikoni na barazani, si la kuandika kwenye chupa zako za dawa. Na wenyewe hawalitumii kwa chumvi na sukari peke yake. Mtu anaweza kuwa na smidgen ya matumaini, au akakosa hata smidgen ya aibu, kama sisi tunavyosema fulani hana hata chembe ya aibu. Ila hulitumii kwa vitu unavyovihesabu kimoja kimoja. Huwezi kuomba smidgen ya viti wala smidgen ya wageni, watakucheka. Hutumika kwa kitu kinachomiminika, kinachonyunyizwa, au kile cha moyoni kisichoshikika.

Mtu akikwambia utie smidgen, mdogo wangu, hakupi kipimo. Anakwambia anauamini mkono wako. Hao waliolichonga kwenye kijiko wamefanya biashara yao, wala siwalaumu. Kijiko ni kizuri, kinang'aa, nami nimekitumia kwa heshima zote, kama utakavyoona hapa chini.

Sasa tuje kwa Mama.

Umeandika kwamba tangu ahamie kwenu hali chakula. Kwamba wifi anaoka ule mkate wa kungumanga kila baada ya siku mbili kama nilivyomwelekeza, na Mama anamega kidogo, anasema ahsante mwanangu, nimeshiba, kisha anasukuma sahani. Umeandika kwamba magauni yanampwaya, kwamba daktari amempima kila kitu na hakuona ugonjwa, na kwamba wifi amelia jikoni kwa sababu anadhani mkwewe hapendi chakula chake na anaona haya kusema. Hapo ndipo uliponikata maini. Magauni ya Mama kumpwaya! Mama yule aliyekuwa akipita mlango wa stoo kwa ubavu!

Basi nikasema, kabla sijamlaumu mtu, nijue kwanza kama kosa liko kwenye mkate. Jumanne nikamwambia Kifua tutaoka mabakuli mawili. Moja nikatia kungumanga kwa kijiko chenu, nikakisawazisha kwa ukingo wa kisu kama alivyofanya wifi. La pili nikatia kwa vidole vyangu kama siku zote. Unga uleule, hamira ileile, tanuri moja. Mikate ikatoka, nikaikata, nikaita waonjaji.

Kifua akaonja akasema yote mizuri. Huyo hata ukimwokea sponji atasema nzuri, kwa hiyo sikumhesabu. Nikamwita fundi viatu, ambaye unamjua kwa kulalamika, mtu anayeweza kurudisha maji kwamba hayakuchemka sawasawa. Akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akafikiri. Akasema hajaona tofauti, labda aletewe vingine ahakikishe. Nami nilikuwa nimeshaonja, nikiwa nimefumba macho, na sikuweza kutofautisha.

Kwa hiyo mwambie wifi yangu, tena mwambie leo kabla hamjala, kwamba mkate wake hauna kasoro. Hauna! Mimi mwenye bekari ndiye ninayesema. Kijiko chake kimefikia mkono wangu barabara. Afute machozi, na asiongeze tena sukari kama ulivyosema amejaribu, atauharibu bure.

Nilifurahi kwa muda mfupi tu, kisha nikaanza kuogopa. Maana kama mkate ni uleule, Mama anakosa nini?

Jibu alinipa Kifua bila kujua. Keshoye asubuhi nilikuwa nahangaika na trei, yeye akachanganya unga wa bakuli la nyumbani, lile la mkate wa kungumanga. Akalinyanyua, akalibeba kwa mikono miwili, akaenda nalo mpaka karibu na mlango wa nyuma, kwenye kile kigoda cha Mama. Akasimama pale. Akaliinamisha kidogo kwa mbele, kama anavyofanya siku zote, ili Mama asijinyooshe. Kigoda kitupu. Mimi nikaanza kucheka, nikamwambia wewe baba, unampa nani? Naye akacheka. Kisha akabaki ameshika bakuli, hajui alipeleke wapi.

Nisikufiche, nilikaa juu ya gunia la unga nikalia. Nilimkumbuka Mama sana. Kifua akajifanya anatafuta ufagio.

Wewe uliondoka zamani, kwa hiyo mambo haya hukuyaona. Unamkumbuka Mama yule wa kukanda magunia, mikono mpaka kwenye viwiko. Lakini magoti yalipoanza kumsumbua aliacha kazi moja moja. Kwanza aliacha tanuri, kwa sababu ya kusimama. Kisha akaacha kukanda, kisha akaacha hata kukaa dukani, maana wateja walikuwa wakimwamkia kwa kuinama naye anachukia kuinamiwa kama jeneza, maneno yake hayo. Mwishowe ikabaki kazi moja tu. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda pale mlangoni, akisubiri bakuli la nyumbani. Likiletwa analikagua, anatukana kidogo, unga wenu unanuka uvivu, nani kapepeta huu, mmelala wote? Halafu anachovya kwenye kikopo cha kungumanga kwa kidole gumba na kile cha kati, maana cha shahada kilikatwa ncha na mashine sisi tukiwa wadogo. Anasema, haya, nitie kiduchu changu. Anasugua vidole juu ya unga, anapangusa kwenye aproni, anasema sasa ni mkate. Kisha mkate ukitoka anakula. Anakula kweli, mpaka ukoko.

Mimi nilidhani tunamfurahisha tu bibi kizee. Nikakumbuka na mambo ya hospitali.

Nadhani sikuwahi kukusimulia vizuri, maana wakati ule nilikuwa nakwambia mambo ya vipimo tu. Alipolazwa kwa ajili ya goti la kulia, nilimpelekea mkate wetu kila asubuhi, wa moto, umefungwa kwa kitambaa. Hakula. Akasema una kitu umekosa. Nikaoka tena kwa uangalifu zaidi. Umekosa. Nikamwambia Mama, ni dawa zinakuharibia ulimi. Akageukia ukutani. Basi Kifua, mtu ambaye hana subira na wagonjwa, akachukua bakuli la unga mkavu, akalifunika, akalibeba mpaka wodini. Muuguzi akamzuia mlangoni, akamuuliza hiki nini. Akasema ni unga. Akaulizwa wa nini? Akasema wa kutiwa. Nikadhani tutafukuzwa wote. Lakini muuguzi alikuwa mama mzima mwenye huruma, akatazama pembeni. Mama akainuka akakaa, akaomba kikopo, akatia kiduchu chake. Akamwambia Kifua hujapepeta vizuri. Tukarudi tukaoka, tukampelekea jioni, akala karibu mkate mzima na kumwachia muuguzi kipande.

Mimi nikasema dawa zimepungua ukali. Kumbe!

Sasa soma tena barua yako, mdogo wangu. Nimeiweka hapa mbele yangu. Unajivunia, na una haki ya kujivunia, maana wengine wakipata nafasi huwasahau wazazi. Unasema Mama ana chumba chake chenye dirisha kubwa. Ana kiti kinacholala chenyewe ukibonyeza. Unasema hagusi kitu, haoshi hata kikombe, akisimama tu wifi anamkimbilia, Mama pumzika, Mama kaa, niache nikufanyie. Unasema mlango wa jikoni mmeuwekea kile kigeti cha mtoto na kwa hiyo hata Mama hawezi kujikwaa mle ndani. Umeandika kwa furaha kwamba sasa hivi Mama hana kazi hata moja duniani.

Mizani! Umemfanya mgeni.

Mgeni akipewa sahani anamega kidogo, anashukuru, anasema ameshiba. Ndivyo anavyofanya. Mama hajakataa mkate wa mkeo. Anakula kama mtu aliyekuja kutembea na hajui ataondoka lini. Wala hatawaambia, maana atawaambia nini? Kwamba mnamtunza kupita kiasi? Anaona mnavyohangaika, anaona wifi anavyochoka, anaogopa kuonekana hana shukrani. Atakaa kimya kwenye hicho kiti cha kubonyeza mpaka gauni liwe hema.

Najua mmefanya kwa mapenzi. Hata mimi ningefanya hivyohivyo kama angekuwa kwangu na wageni wangekuwa wananisifu. Lakini sasa nakuagiza kama dada yako, na hapa sitaki ubishi.

Toa hicho kigeti. Mtoto ameshakua, na Mama si mtoto. Siku ya kuoka, wifi achanganye unga kama kawaida. Kisha abebe bakuli, amfuate Mama pale alipo, aliinamishe kidogo mbele yake. Asimwambie daktari amesema, asimwambie shangazi mtu ameandika. Asimpe kwa huruma, Mama ananusa huruma kama anavyonusa unga uliokaa. Amwambie tu, Mama, nitilie. Kisha akae kimya.

Atamwambia hajapepeta vizuri. Mwambie wifi asikasirike, wala asijitetee. Siku Mama atakapoutukana unga wake ndiyo siku amekuwa mwanawe. Mimi nimetukanwa miaka yote na unaniona nilivyonawiri.

Na wewe, wakati Mama anatia, usisogee na mzani wako. Nakujua. Utataka kupima kile kikopo kabla na baada, ujue kiduchu ni gramu ngapi. Usipime. Tazama nje ya dirisha, piga mluzi, fanya lolote. Akitia kingi, mtakula hivyohivyo mkate wenye uchungu na kusema ni mtamu. Akitia kidogo, hivyohivyo.

Baadaye akizoea, atajileta mwenyewe jikoni. Ndiyo maana kifurushi ninachokurudishia ni kizito. Msishangae. Ndani yake kuna kigoda chake. Nimekifunga kwa magunia, na kikopo chake cha zamani cha kungumanga nimekipachika katikati ya miguu yake. Kiwekeni karibu na mlango wa jikoni, upande wenye mwanga, asigongwe na mlango ukifunguliwa. Kijiko chenu nacho nimekirudisha, nimekifunga kwa uzi kwenye mguu mmoja. Mpeni binti yenu alishe wanasesere wake.

Mengine ni madogo tu. Paa la stoo tumeliziba, mvua ikinyesha sasa tunaisikia bila kuiona. Yule mwenye duka la jirani amehamia mbali, tumefurahi kwa siri. Mimi bado sijapata mtu wa kunisaidia kaunta, kila anayekuja anamwogopa paka.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie simdai kitu isipokuwa anisamehe kwa maelekezo niliyompa. Nilimtajia kila kitu kinachoingia kwenye mkate nikasahau mtu. Msalimie binti yetu, shangazi yake anamwandalia gauni. Msalimie na mwalimu wa ghorofa ya chini anayemletea Mama magazeti. Mama mwenyewe mbusu kwenye paji la uso, umwambie nimeuliza kama magoti yanamtii. Mungu awape nyumba yenye kelele na sahani zinazorudi jikoni tupu.

Dada yako wa damu, wako akupendaye hata unaponiudhi,

Dada Mkubwa.

Tena: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Asubuhi ya leo, Jumatatu, Kifua aliniuliza, kigoda kikishasafiri, bakuli la nyumbani atakuwa akilipeleka wapi. Tangu Mama aondoke nimekuwa nikitia kungumanga nimesimama, haraka haraka, macho yakiwa kwenye tanuri, kama ninayefanya kazi ya mtu mwingine ambaye atarudi. Nikamwambia subiri. Nikageuza kreti la soda pale mlangoni, nikakaa. Akaleta bakuli, akaliinamisha. Nikamwambia hujapepeta vizuri. Akacheka mpaka akalia. Kisha nikatia kiduchu changu.